Vimelea Kichwani: Maabara Ndogo Inaweza Kujua Nini?

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tulieleza jinsi vimelea vinavyoufikia ubongo. Vile vya malaria kali haviingii kwenye nyama ya ubongo. Hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kuziba njia. Vimelea vya malale huvuka kizuizi kinachotenga damu na ubongo. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, huanguliwa ndani ya utumbo, na tegu wachanga husafirishwa na damu mpaka wakatulia kichwani wakiwa ndani ya vifuko vidogo.

Leo tunakuja kwenye swali linalomhusu mkazi wa Mbumbuni kuliko linavyomhusu profesa wa Nairobi. Mgonjwa ameletwa na pikipiki, amefungwa leso kati ya dereva na ndugu yake, hajitambui. Kutoka vilima vya Mbooni hadi hospitali kubwa ya Wote au Machakos ni safari, na mashine ya kupiga picha za ubongo haiko jirani. Iliyopo ni maabara yenye hadubini moja, rangi za chupani, visanduku vya vipimo vya haraka na mhudumu mmoja. Maabara hiyo inaweza kujua nini?

Mengi, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ila kila jibu lake lina mpaka, na mpaka huo hutegemea sana mahali mgonjwa alikotoka.

Umetoka wapi?

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi Kwale kwa miezi kadhaa, akarudi nyumbani Mbumbuni kwa Krismasi. Baada ya wiki moja anashikwa na homa, siku ya tatu anapata degedege, kisha anazimia asiamke. Nyumbani kuna anayesema malaria imempanda kichwani, kuna anayesema ni kifafa, na kuna anayenong'ona kwamba amerogwa.

Kabla ya kitu kingine chochote, apimwe sukari. Tone moja la damu ya kidole kwenye kijimashine cha sukari hutoa jibu kwa chini ya dakika moja. Malaria kali hushusha sukari, hasa kwa watoto na wajawazito, na sukari iliyoshuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita inaweza yenyewe kumzimisha mtu na kumtia degedege. Ni hali inayotibika papo hapo, na ni aibu mtu kufa kwayo huku watu wakibishana kuhusu majini.

Kipimo cha pili hakihitaji damu. Ni swali la kwenye fomu ya maabara: umetoka wapi? Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa karibu 6% ya watoto wa Kenya wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 14. Katika kanda ya Ziwa Victoria kiwango kilikuwa kama 19%. Nchi kame kama Makueni na Kitui, pande zote mbili za Mto Athi, ziko mbali sana na idadi hiyo. Huku malaria huja kwa msimu, mvua ikizidi, au huletwa na wasafiri.

Tofauti hii hubadilisha maana ya jibu lile lile. Mtoto wa Busia anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na huku anacheza mpira, kwa sababu mwili wake umevizoea. Akizimia, vimelea vilivyoonekana huenda si vilivyomzimisha. Mtu wa Mbumbuni hana kinga hiyo. Akikutwa na vimelea hivyo, kwa kawaida ndivyo vinavyomfanya augue, na kwake hali huharibika upesi hata akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake.

Kwamba vimelea kwenye damu havitoshi kuthibitisha kilicho kichwani, kulionyeshwa waziwazi huko Blantyre, Malawi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwachunguza baada ya kifo watoto 31 waliokuwa wameandikiwa malaria ya ubongo. Saba kati yao, karibu robo, walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Dalili iliyotenganisha vizuri kundi moja na jingine haikutoka maabara kabisa, bali kwenye jicho: daktari akimulika nyuma ya mboni kwa kifaa chake, malaria ya ubongo huacha alama kwenye mishipa na ngozi laini iliyo huko.

Damu kwenye kioo

Turudi kwa kijana wetu. Kipimo cha msingi cha malaria ni kuangalia damu kwa hadubini, na msingi wake ni wa zamani. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea mwaka 1880 huko Constantine, Algeria. Gustav Giemsa wa Hamburg alichapisha mwaka 1904 rangi ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake na kutumika katika kila zahanati yenye hadubini.

Mhudumu wa maabara huchoma kidole na kuweka damu kwenye kioo mahali pawili. Tone la kwanza hulizungusha kwa kona ya kioo kingine mpaka likawa duara la upana wa kama sentimita moja. Hili ni tone nene. La pili hulivuta likawa utando mwembamba. Kuna njia ya kupima unene wa lile la kwanza ambayo itampendeza msomaji wa safu hii: kioo huwekwa juu ya gazeti, na maandishi yakisomeka kwa shida kupitia damu, unene ni sawa. Yakisomeka kirahisi, damu ni chache. Yasiposomeka kabisa, imezidi na itabanduka wakati wa kuoshwa.

Utando mwembamba hutiwa methanoli ili chembe zibaki na umbo lake. Tone nene halitiwi. Likishakauka, huingizwa kwenye rangi ya Giemsa, ya 10% kwa dakika 10 hadi 15, au ya 3% kwa dakika 45 au zaidi pasipo haraka. Maji yaliyo kwenye rangi hupasua chembe nyekundu na kuzifuta, zikabaki chembe nyeupe na vimelea. Kwa hiyo tone nene hukusanya damu nyingi mahali pamoja na kurahisisha kukiona kimelea, na utando mwembamba, ambao chembe zake nyekundu ni nzima, huonyesha ni aina gani ya kimelea.

Chini ya lenzi ya mafuta, inayokuza mara 1,000, kimelea kichanga cha falsiparamu, aina inayoleta malaria kali, huonekana kama pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu. Mhudumu makini hapaswi kuandika kwamba hakuna vimelea kabla ya kupitia maeneo 100 ya kioo. Akiviona, anavihesabu mpaka afikishe chembe nyeupe 200, kisha anazidisha hesabu hiyo kwa 40, kwa kukadiria kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Vimelea 50 kwa hesabu hiyo ni 2,000 kwa mikrolita. Namba hii inafaa kuliko alama za kujumlisha ambazo bado zinaandikwa kwenye fomu nyingi, kwa sababu kesho itapimwa tena na tutajua kama dawa inafanya kazi.

Jambo moja linafaa kujulikana na ndugu wa mgonjwa. Vimelea vya falsiparamu vilivyokomaa ndivyo vinavyonata kwenye mishipa ya ubongo, na vikinata huko havizunguki tena na damu ya kidole. Mtu anaweza kuwa mahututi na kioo chake kikaonyesha vichache au kisionyeshe kitu. Ndiyo sababu kioo kimoja kisicho na vimelea hakimalizi habari. Damu hutolewa tena baada ya saa 6 hadi 12, na mgonjwa aliyezimia hangojei jibu la pili bila dawa. Ukimwona mhudumu anarudi na sindano, si kwamba alikosea mara ya kwanza.

Kipimo cha haraka

Kile kipande cha plastiki chenye mistari miwili hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini inayotolewa na kimelea, na jibu hupatikana kwa dakika 15 hadi 20 bila umeme wala hadubini. Kwa vituo vidogo hii ni neema. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwito mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, ni vipimo hivi vilivyoufanya mwito huo utekelezeke vijijini.

Kwa mgonjwa aliyezimia kina faida ya ziada: protini hiyo huelea kwenye damu hata vimelea vikiwa vimejificha ubongoni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha mstari pale kioo kilipokosa kitu. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba protini hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kijana aliyetibiwa malaria Kwale mwezi uliopita anaweza kuzimia Mbumbuni kwa homa ya uti wa mgongo, na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Kipimo hakikudanganya, kilisoma malaria ya mwezi uliopita. Hapo tena fomu ikikosa mstari mmoja wa maelezo, yaani dawa alizomeza na lini, jibu sahihi linatumika vibaya.

Maji ya uti wa mgongo

Hapa ndipo ugomvi huanza wodini. Daktari akisema anataka kutoa maji ya mgongo, mama hukataa. Amesikia kwamba mtoto wa jirani alitolewa maji hayo akafa, au akapooza miguu.

Heinrich Quincke, daktari Mjerumani, ndiye aliyeianzisha njia hii kwenye tiba mwaka 1891. Sindano huingizwa kiunoni, kati ya pingili ya kiuno ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Kwa mtu mzima uti wenyewe huishia juu ya hapo, kwenye pingili ya kwanza au ya pili, kwa hiyo sindano huingia mahali penye maji na mizizi ya neva inayosogea, si kwenye uti. Watoto wengi waliokufa baada ya kutolewa maji walikuwa tayari wanakufa kwa ugonjwa ulioleta haja ya kipimo. Wapo wagonjwa ambao daktari hatawatoa maji mpaka hali itulie, kwa mfano wenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Hao huanzishiwa dawa kwanza na kipimo kikangoja. Mama ana haki ya kuuliza mgonjwa wake yuko kundi gani, na daktari ana wajibu wa kumjibu bila kumkaripia.

Maji mazuri huwa maangavu. Yakiwa na ukungu, mhudumu anajua kabla ya kuyapima kwamba kuna chembe nyingi, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria inakaribia kuwa hakika. Kisha huyaweka kwenye kioo cha kuhesabia, chenye miraba iliyochorwa, na kuhesabu chembe nyeupe. Kwa mtu mzima mwenye afya hazizidi 5 kwa mikrolita. Sukari ya maji hayo hulinganishwa na sukari ya damu. Kwa kawaida ni kama 60% yake, na bakteria huishusha.

Malaria ya ubongo mara nyingi huyaacha maji haya bila badiliko kubwa. Kwa hiyo kwa kijana wetu kipimo hiki hakitafuti malaria. Kinatafuta ugonjwa mwingine unaofanana nayo na unaohitaji dawa tofauti. Kama ana virusi vya UKIMWI, maji hayo hayo yakichanganywa na wino mweusi huonyesha kuvu aina ya kriptokoka, ambaye si kimelea lakini huua kwa njia inayofanana.

Chembe huharibika upesi zikikaa. Chupa ya maji ya mgongo iliyolala dirishani tangu asubuhi ikingoja gari la kwenda Machakos inakuwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kama zipo dakika chache na hadubini ipo, zihesabiwe pale pale.

Malale na nzi wa Makueni

Kipimo hiki cha maji ya mgongo ndicho kilichofungua siri ya malale katika Afrika Mashariki. Tangu karibu mwaka 1900 ugonjwa uliwafyeka watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria. Inakadiriwa zaidi ya 200,000 walikufa Uganda kwa miaka 20. Mwishoni mwa 1902, huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vimelea vyenye mkia vikitapatapa kwenye maji ya mgongo ya mgonjwa. Mwaka uliofuata David Bruce na wenzake walivihusisha na mbung'o.

Wazee wa Makueni wanamjua mbung'o. Nyika za chini za huko zilikuwa makao yake, na serikali ya kikoloni ilipotaka kuwahamishia huko Wakamba waliobanwa na uhaba wa ardhi milimani, iliamua kufyeka vichaka. Kwanza, ili vichaka viwe salama kwa wafyekaji, ilimtuma mwindaji J. A. Hunter, ambaye kati ya 1944 na 1946 aliua vifaru zaidi ya 900. Hata hivyo, mbung'o huyo alijulikana huku kwa kuua ng'ombe. Malale ya binadamu nchini Kenya yalikuwa zaidi magharibi: Busia, Alego, na Bonde la Lambwe, ambako kulizuka mlipuko mapema miaka ya 1980.

Kwenye aina ya malale ya upande wetu, vimelea huwa vingi kwenye damu, na kuviona hakuhitaji rangi. Tone la damu mbichi chini ya kioo chembamba linatosha: chembe nyekundu huonekana zikisukumwa huku na huko, na ukitulia unamwona anayezisukuma. Vikiwa vichache, damu huzungushwa kwa kasi kwenye mrija mwembamba mpaka itengane, kisha hadubini huelekezwa kwenye mpaka kati ya maji ya damu na tabaka la chembe nyeupe, mahali vimelea vinapokusanyika.

Baada ya hapo ndipo maji ya mgongo yalipohitajika. Kimelea ndani yake, au chembe nyeupe zaidi ya 5, kilimaanisha ugonjwa umefika kichwani, na hukumu hiyo ilikuwa nzito. Dawa ya hatua hiyo, melasoprolo, ina aseniki, na yenyewe iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20. Kosa la kuhesabu chembe liliweza kumpa mtu sumu asiyoihitaji, au kumnyima dawa aliyoihitaji. Sasa kuna vidonge vya feksinidazolo, ambavyo tangu 2024 vimependekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa aina yetu ya malale na hutibu hatua zote mbili.

Kenya ilipata mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya jamii mwaka 2009. Mwaka 2012 watalii wawili waliambukizwa Maasai Mara, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma nchini tena. Ni ushindi, wenye hatari yake: kizazi kipya cha wahudumu wa maabara hakijawahi kukiona kimelea hiki kikiwa hai. Mbung'o yungali porini na wanyama wanaobeba vimelea wapo. Mtu aliyefanya kazi kwenye hifadhi ya wanyama akirudi Mbumbuni na homa isiyoisha na usingizi wa mchana, lazima mtu fulani akumbuke kuangalia damu mbichi.

Hadubini inapogota

Tegu wa nguruwe ndiye anayeonyesha kikomo cha vipimo rahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, takriban 30% ya kifafa hutokana naye. Watafiti wamemfuatilia hasa huko Busia, ambako nguruwe wengi walifugwa bila kufungiwa.

Choo kikipimwa, mayai ya tegu yanaweza kuonekana, lakini yai la tegu wa nguruwe na la tegu wa ng'ombe hayatofautiani hata kwa jicho la bingwa. Kinachosaidia ni pingili ya tegu ikitoka na choo. Ikibanwa kati ya vioo viwili, matawi ya mfuko wake wa mayai huhesabiwa: ya nguruwe ni kama 7 hadi 13, ya ng'ombe huwa mengi zaidi.

Hata hivyo, tegu tumboni si ushahidi wa vifuko kichwani, na wengi wenye vifuko hawana tena tegu tumboni. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata tegu mkubwa utumboni. Vifuko vya ubongo humpata anayemeza mayai yaliyotoka kwenye choo cha binadamu, kwa mikono, mboga au maji. Kwa hiyo asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Hapa picha ya kichwa haina mbadala, na mwenye kifafa kilichoanza ukubwani anafaa kupelekwa kupigwa picha hiyo.

Kichocho nacho, ambacho Ukamba inakijua vizuri, mara chache hupeleka mayai kwenye uti wa mgongo. Kijana anayeogelea mabwawani akilegea miguu ghafla na kushindwa kukojoa, choo na mkojo wake vipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha Kato-Katz hutumia miligramu 41.7 tu za choo; mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu.

Wiki ijayo tutaeleza tiba, na kwa nini dawa ya tegu aliyeko kichwani haitolewi ovyo.

Kwa leo, ukimpeleka mgonjwa aliyechanganyikiwa au kuzimia, usingoje kuulizwa. Sema alikolala miezi mitatu iliyopita, dawa alizomeza na siku alizozimeza, na kama alikuwa karibu na pori, bwawa au nguruwe. Omba sukari ipimwe kwanza. Omba jibu la damu liandikwe kwa namba. Ukiambiwa maji ya mgongo yanahitajika, uliza sababu, kisha ukubali. Na jibu likitoka kwamba hakuna kitu, uliza litarudiwa saa ngapi.